Henry Mancini: Msee wa "Hatari!" Aliyepika Ngoma za Kuchill Kabla Uzaliwe

Saa nne usiku. Job imekukausha, jam imekumaliza, na majirani wa juu wanavuta viti. Unataka kitu cha kutuliza kichwa. Gengetone hapana, amapiano hapana. Unachukua simu unatafuta miksi ya okestra, zile ngoma za muvi zisizo na maneno. Unapata moja ya masaa matatu, picha yake ni mvua kwa dirisha. Dakika kumi za kwanza ni tamu, macho yanaanza kufunga. Halafu paap! Tarumbeta, ngoma za vita, kwaya inapiga kelele. Unaruka kitandani ka mtu ameskia wezi.

Shida si wewe. Mwenye kupanga hiyo miksi alitoa muziki kwa muvi vile ulivyo akabandika tu. Na muziki wa muvi haukuandikwa ndio ulale. Uliandikwa ufuate picha. Mtu akikimbizwa nao unakimbia, mtu akidungwa kisu nao unapiga nduru.

Kuna jamaa aliona hii kitu zaidi ya miaka sitini iliyopita, na akajenga jina lake kwa kuirekebisha. Anaitwa Henry Mancini. Jina linaweza kukupita, lakini sikio lako linamjua. Ile ngoma ya Pink Panther, ya yule chui wa pinki akinyemelea? Ni yake. Na ako na muvi moja yenye jina la Kiswahili kabisa. Tulia, tutafika huko.

Kwanza usidhani alizaliwa ubabi. Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1924 huko Cleveland, Ohio, Marekani, akaitwa Enrico Nicola Mancini. Wazazi wake walikuwa Waitaliano waliohamia Marekani, na fathe wake, Quinto, alitoka upande wa Abruzzo. Familia ikahamia West Aliquippa, Pennsylvania, mtaa wa kampuni ya chuma. Hapo kila kitu kilikuwa chuma. Moshi ni wa chuma, mshahara ni wa chuma, na mvulana akimaliza shule, geti ya kiwanda inamngoja. Quinto mwenyewe alikuwa anavuja jasho humo.

Lakini huyo mzee alikuwa na kitu kingine, filimbi. Alipiga fluti kwa bendi ya Waitaliano wa mtaa, na kijana alipofika miaka minane akamkalisha chini akaanza kumfundisha. Hakuwa mzee wa kubembeleza mtoto. Alitaka mtoto asome, afike chuo, na geti ya kiwanda isimmeze. Kumbuka hiyo filimbi, itarudi.

Mwaka wa 1935, Mancini akiwa na miaka 11, mzee alimpeleka Pittsburgh kucheki "The Crusades", muvi ya Cecil B. DeMille. Farasi, panga, wanajeshi wa msalaba. Watoto wengine wangetoka hapo wakitaka panga. Huyu alitoka akitaka kujua ule muziki umetoka wapi. Kutoka hiyo siku akawa ameamua, yeye ni wa kuandikia muvi.

Alipokuwa tineja alipata mwalimu Pittsburgh, Max Adkins, aliyeongoza okestra ya ukumbi wa Stanley. Huyu ndiye alimfundisha kupanga ala, yaani wimbo ukishakuwa na sauti yake, nani aubebe? Vayolini ama saksafoni? Nani anyamaze? Ukiniuliza, hapo ndipo Mancini alipatikana. Watu wengi wanaweza kutunga wimbo mtamu. Wachache wanajua nani anyamaze.

Mwaka wa 1942 akaingia Juilliard, ile shule kubwa ya muziki New York. Hakukaa. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimechacha, na 1943 akaingia jeshini. Huko mafunzoni akakutana na Glenn Miller, nyota wa bendi kubwa wa wakati huo, na hiyo ikamsaidia kuwekwa kwa bendi ya jeshi la anga badala ya kupewa bunduki moja kwa moja. Baadaye hata hivyo alivushwa bahari akapelekwa Ufaransa na kikosi cha wahandisi. Na mwaka wa 1945 alikuwa kati ya wanajeshi waliofika kukomboa kambi ya mateso ya Mauthausen, Austria, mahali Wanazi waliua makumi ya maelfu ya watu kwa njaa, kazi za machimbo na gesi.

Alikuwa na miaka 21. Ngoma zake nyingi ukiskiza utadhani ni za mtu ambaye hajawahi kuona kitu kibaya. Ni hiyo tu nilitaka ukumbuke.

Glenn Miller mwenyewe hakurudi, ndege yake ilipotea baharini Desemba 1944. Bendi iliendelea chini ya Tex Beneke, na Mancini akaingia hapo 1946 kama mpiga piano na mpangaji. Humo ndani akapata na bibi, Ginny O'Connor, muimbaji. Wakaoana 1947, wakajaliwa watoto watatu, wawili wao mapacha, na wakakaa pamoja hadi kifo. Hollywood hiyo si kitu kidogo, maze.

Mwaka wa 1952 studio ya Universal ilimwita afanye kibarua cha wiki mbili kwa muvi ya wachekeshaji Abbott na Costello. Wiki mbili zikageuka miaka sita. Na usifikirie ilikuwa raha. Hicho kilikuwa kiwanda, tofauti tu ni hakikuwa na moshi. Waandishi kadhaa wanagawana muvi moja, wewe chukua dimbwi, yule achukue busu, na mara nyingi jina lako halionekani kwa skrini. Alifanya kazi kwa zaidi ya muvi mia moja namna hiyo. "Creature from the Black Lagoon", ile ya jitu la majini, ako ndani. Buibui mkubwa wa "Tarantula", ako ndani. Mwaka wa 1954 "The Glenn Miller Story" ikampatia uteuzi wa Oscar, na 1958 akaandikia Orson Welles "Touch of Evil".

Mwaka huo huo studio ikafunga idara yake ya muziki. Mancini nje. Miaka 34, bibi, watoto watatu, hakuna job.

Lakini kadi yake ya kupita getini ilikuwa bado inafanya kazi, kwa hivyo akaenda kunyolewa kwa kinyozi wa studio. Akitoka pale akagongana na Blake Edwards, mwelekezi aliyekuwa anaanza tamthilia ya runinga kuhusu mpelelezi wa kibinafsi anayeitwa Peter Gunn. Edwards akamuuliza kama angependa kuifanyia muziki. Hivyo tu. Angenyolewa siku ingine, pengine mimi nisingekuwa naandika hii stori.

Muziki wa "Peter Gunn" ulikuwa wa jazi, gitaa na piano zinarudia kitu kimoja tu chini, na tarumbeta zinakuja juu yake kwa vitisho. Aliyekuwa kwa piano ni kijana mmoja, John Williams. Ndiyo, huyo huyo wa "Star Wars" na "Jaws".

Sasa hapa ndipo pa maana. Kampuni ya RCA Victor ilitaka kutoa albamu, na ikampelekea kazi mpiga tarumbeta Shorty Rogers. Rogers akakataa. Akamwambia Mancini kazi ni yake, airekodi mwenyewe. Mancini angeweza kuchukua kanda za runinga akazibandika kwa santuri, ka yule msee wa miksi yako ya mvua. Hakufanya hivyo. Alirudi studio akarekodi upya. Vipande vya sekunde arobaini akavirefusha vikawa nyimbo kamili. Vile vya kushtua, mlango unafunguka, bastola inatoka, akavitupa. Akaweka ngoma ya moto halafu ya baridi, ndio mtu akikaa kwa sofa na glasi yake asifikirie kusimama. Na zile za baridi, ka "Dreamsville", akazipa fluti za sauti nzito, alto na besi, ambazo wengi hawakuwa wakizitumia hivyo. Hiyo ni filimbi ya Quinto, imeshuka chini ikawa ya usiku.

Albamu ikafika namba moja Marekani, ikauza zaidi ya nakala milioni, na kwa sherehe ya kwanza kabisa ya Grammy mwaka wa 1959 ikabeba tuzo ya Albamu ya Mwaka. Sherehe ya kwanza, na mshindi ni muziki wa runinga. Kutoka hapo ikawa ndiyo njia yake: muvi inapata muziki wake, na wewe wa nyumbani unarekodiwa wako.

Mwaka wa 1961 ikaja "Breakfast at Tiffany's". Audrey Hepburn alitakiwa kuimba akiwa amekaa dirishani na gitaa, na Hepburn hakuwa muimbaji. Sauti yake ilikuwa na nafasi ndogo tu, ka oktava moja na kitu. Mancini akakuna kichwa mwezi mzima. Halafu siku moja ikamjia, na ndani ya nusu saa "Moon River" ikawa imekamilika. Enda kwa piano yoyote ujaribu. Ukianza kwa ufunguo wa C, sauti yote inapigwa kwa vitufe vyeupe peke yake. Hata mtoto ataiweza. Johnny Mercer akaandika maneno.

Baada ya onyesho la majaribio, mkubwa mmoja wa studio akataka wimbo ukatwe. Kuna matoleo mengi ya nani alisema nini kwa hicho chumba, lakini yote yanakubaliana Hepburn alisimama kidete wimbo ukabaki. Muvi ikampa Mancini Oscar mbili usiku mmoja, ya wimbo na ya muziki. Na cheki hii: albamu ya wakati huo haikuwa na sauti ya Hepburn. Yake ya kwa muvi ilikuja kutolewa kwa albamu baada ya yeye kufa, 1993.

Sasa ile nilikuahidi. Mwelekezi Howard Hawks alikuwa amekuja Tanganyika kupiga muvi pande za Arusha, chini ya Mlima Meru, John Wayne akiwa ndani, wakishika wanyama pori hai kwa kamba na lori. Akaiita "Hatari!", na hiyo alama ya mshangao iko hapo. Hawks aliporudi Hollywood alibeba ala za huku, ikiwemo ile kalimba ya kupigwa na vidole gumba, maganda marefu ya mbegu ya kutikisa, na kanda za nyimbo za Wamaasai. Akamkabidhi Mancini. Ukiskiza "The Sounds of Hatari" utaskia vitu vinatikiswa na kugongwa muda mrefu kabla ya okestra kuingia. Ni Afrika ya mtu wa Hollywood, tusidanganyane. Hakuna Mmaasai atasimama aseme huo ni muziki wake. Lakini msee aliskiza kwanza kabla ya kuandika, na hiyo ni zaidi ya vile wengi walifanya.

Kulikuwa na pande moja Hawks hakujua afanyie nini. Elsa Martinelli anapeleka ndovu watatu wadogo wakaoge majini. Hakuna stori hapo, hakuna hatari yoyote, ni ndovu tu wanatembea matako yakicheza. Hawks alikuwa karibu kuikata. Mancini akaicheki akaona ule mwendo una mdundo wa bugi-wugi wa piano za zamani. Akaweka kinanda cha maonyesho ya sarakasi, juu yake klarineti ndogo yenye sauti ya kitoto, na "Baby Elephant Walk" ikazaliwa. Pande iliyokuwa itupwe ikawa ndiyo watu wanakumbuka, na mpangilio wake ukapata Grammy. Muvi ilitoka 1962, Tanganyika ikiwa tayari imepata uhuru Desemba iliyotangulia.

Mwaka huo ukawa pia wa "Days of Wine and Roses", Oscar ingine. Halafu 1963 "The Pink Panther", na saksafoni ya Plas Johnson. Hiyo huhitaji nikueleze.

Hapa wengi hukosea. Walimweka kwa kapu la muziki laini, ule wa lifti na wa kungoja daktari wa meno, wakamwacha hapo. Lakini tafuta "Wait Until Dark" ya 1967, Hepburn akiwa mwanamke kipofu na wauaji wako kwa nyumba. Mancini alitumia piano mbili, moja ameilegeza robo sauti chini ya ingine, zikijibizana. Ukiskiza tumbo linageuka. Si kuharibika kwa simu yako, ni makusudi. Yule mtu alijua vizuri sana kitu gani kinamnyima binadamu usingizi. Ndio maana alijua cha kutoa.

Na bei alilipa. Kwa sababu albamu zake zilibeba tamu peke yake, ule muziki mzito ulibaki kwa makabati ya studio miaka mingi, na dunia ikadhani hana. Yeye mwenyewe alikuja kuona hasara yake. Mwaka wa 1971 Alfred Hitchcock alimwita London kuandikia "Frenzy". Akaandika, akarekodi, Hitchcock akaukataa wote akampa kazi Ron Goodwin. Kufikiria umefanya muziki wa kutisha karibu miaka ishirini, halafu mfalme wa kutisha anakurudishia makaratasi. Hiyo iliuma.

Kabla ya hapo, 1969, alikuwa amefanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Alichukua muziki wa mapenzi wa muvi ya "Romeo and Juliet", ambao aliuandika Mwitaliano Nino Rota, akaupanga upya, akakaa kwa piano mwenyewe, polepole, vayolini nyuma. Hakuna maneno, hakuna mdundo wa klabu. Mwezi wa Juni ukaitoa "Get Back" ya Beatles kwa namba moja Marekani, ukakaa hapo wiki mbili. Mwaka wa vita vya Vietnam, mwaka wa kelele za gitaa za umeme, na ngoma namba moja ni mzee wa miaka 45 anabonyeza piano ka anaogopa kuamsha mtoto.

Mwaka uliofuata akafanya "The Molly Maguires", muvi ya wachimba makaa wa Pennsylvania, jimbo lake mwenyewe. Muvi inaanza muda mrefu bila mtu kuongea, ni wanaume wanachimba chini ya ardhi na muziki wake. Kinubi, filimbi ndogo ya Kiairishi, halafu vayolini. Mimi naona hiyo ndiyo kazi yake nzuri kushinda zote, na Pink Panther imekaa mbali. Mtu aliyelelewa akiona fathe akitoka kiwandani aliandika kitu pale ambacho hakifundishwi Juilliard.

Miaka ya mwisho aliongoza okestra dunia nzima, akabeba Oscar ya nne kwa "Victor/Victoria" ya 1982, akaandikia runinga "The Thorn Birds". Grammy zilifika 20. Alikuwa akitayarisha "Victor/Victoria" iende jukwaa la Broadway wakati saratani ya kongosho ilipompata. Aliaga Juni 14, 1994, akiwa na miaka 70. Tamthilia ilifunguliwa Oktoba 1995, yeye hayupo kuiona.

Sasa turudi kwa simu yako. Futa ile miksi ya mvua. Tafuta albamu zake za RCA, si zile zilizotolewa juzi zikiwa na kila kipande cha muvi, juu hizo ndizo ziko na visu na milango. Anza na "Lujon" ya 1961, inaitwa jina la ala yenyewe, vyuma juu ya sanduku vinavyogongwa taratibu. Fuata na "Dreamsville", halafu "Moon River" ya okestra. Hapo katikati weka "Two for the Road" na "Days of Wine and Roses", lakini usizifuatanishe, zote ziko na huzuni na mbili pamoja zitakufanya umpigie ex. "Baby Elephant Walk" weka ya Jumamosi asubuhi ukifua. "Peter Gunn" weka ya kuendesha gari.

Ingia kwa mipangilio ya programu ya muziki, washa ile ya kusawazisha sauti ndio wimbo mmoja usikushtue, na uache nyimbo zipishane sekunde tano ama sita. Karibu na mwisho "The Molly Maguires", ile ya kufungua. Ya mwisho kabisa "Romeo and Juliet". Ikiisha usiweke kitu kingine, na zima ile kitu ya kuendeleza nyimbo yenyewe, la sivyo saa saba usiku utaamshwa na tarumbeta za mtu mwingine.